Doa Nililolikwangua

Konekta zile nilizichagua mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa chama chetu wana huruma, na mwenye huruma hupenda kusema, "Tulichagua sote." Hatukuchagua sote. Nilichagua mimi, nikawashikia bango mpaka wakakubali, na siku waliyokubali nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Chama chenyewe ni cha redio ya ridhaa. Tuko kumi na mmoja, kila mtu na kazi yake inayomlisha, na Jumapili alasiri tunakutana chumba cha nyuma cha duka la dawa la mwenyekiti wetu, mama mmoja makini tunayemwita Mfamasia. Tunafungua redio, tunaongea na watu wa mbali ambao hatutawaona maishani. Mke wangu husema huo ni ugonjwa wa watu wazima walioshindwa kucheza karata. Mimi ni fundi wa friji, kwa hiyo mambo ya nyaya yakizungumzwa naona nimeitwa kwa jina.

Shida yetu ya miaka mingi ilikuwa namna ya kuunganisha redio na betri. Kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisokota nyaya na kuzizungushia utepe. Mwingine alitumia plagi ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara la gari. Mwalimu, ambaye ni kaka wa mke wangu na amefundisha hesabu miaka thelathini mpaka leo anaongea kama ameshika chaki, alikuwa na klipu zenye meno zilizokuwa zikiruka ukikohoa. Ukitaka kuazima redio ya mwenzako ilibidi uazime na betri yake, maana ya kwako haikuingia.

Siku hiyo nilifika na mfuko wa sampuli, nikatandaza gazeti mezani, nikazipanga. Nilianza na zile nisizozitaka. Nina tabia hiyo: siwezi kusifu kitu kabla sijakiponda kingine. Plagi ya tundu la sigara niliitikisa wote wakasikia inavyocheza. Zile za skrubu nikawaeleza zinavyolegea kwa safari moja tu ya barabara mbovu. Halafu nikatoa zangu, bapa, ndogo, nyekundu na nyeusi zimebanana ubavu kwa ubavu.

"Hizi hazina dume wala jike," nikasema. "Kila moja inaingia kwa mwenzake."

"Sasa shemeji, zitazaaje?" Mwalimu akauliza, na chumba kikaangua kicheko.

"Hazizai, zinadumu. Si kama klipu zako."

Nikawaeleza. Redio ikiwa inasikiliza inavuta umeme kidogo, hata ampea moja wakati mwingine haifiki. Ukibonyeza kitufe cha kuongea, inavuta ishirini kwa mkupuo mmoja. Kiungo kibovu kinaweza kukuacha usikilize kutwa nzima bila neno, kisha ukitaka kusema kitu kinakunyima. Kwa hiyo konekta haipimwi kwa kusikiliza, inapimwa kwa kuongea.

Kisha nikaleta ndoo. Ndani ya kila konekta kuna kipande kidogo cha shaba kinachoukumbatia waya, na kipande hicho kinabanwa kwa chombo chake maalumu ambacho sisi tunakiita kibanio. Kibanio cha kweli hakikuachii mpaka umebana hadi mwisho. Nilibana waya mmoja kwa kibanio na mwingine kwa plaizi ya kawaida. Nikafunga ule wa kwanza kwenye nondo ya dirisha na kuning'iniza ndoo ya maji. Ndoo ikakaa. Nikafunga wa pili. Ndoo ikakaa kidogo, halafu waya ukachomoka taratibu kama mguu unaotoka kwenye kiatu kikubwa, na maji yote yakaishia miguuni kwa Mfamasia.

"Tumeelewa," Mfamasia akasema, akikung'uta gauni. "Ungeweza pia kutuambia tu."

Hapo tukaweka sheria, nazo nilizitunga mimi. Plaizi marufuku. Anayetengeneza kebo ataweka doa la rangi ya kucha kwenye konekta, kila mtu na rangi yake, ili kebo ikileta balaa tujue imetoka mikono gani. Yangu ilikuwa zambarau, kutoka kwenye kichupa cha mke wangu. Mwanafunzi hana doa mpaka atengeneze konekta ishirini zilizoshinda mtihani wa ndoo. Kebo zake zitakaa rafu ya chini ya kabati, zitumike kwa taa tu.

Mwisho nikasema maneno ambayo leo ningekuwa na uwezo ningeyameza. "Mkipata hitilafu, kagueni betri, kagueni antena, kagueni fyuzi. Konekta msihangaike nayo. Hicho ndicho kitu pekee ambacho hakitawaangusha." Mwalimu aliyaandika kwenye daftari lake na kuyapigia mstari kwa rula.

Mwanafunzi tuliyekuwa naye wakati huo alikuwa mmoja, fundi wa kushona tuliyembandika jina la Bi Sindano. Kibanda chake cha cherehani kilikuwa mitaa mitatu kutoka karakana yangu. Alijiunga kwa sababu alileta redio ya marehemu baba yake itengenezwe, akaisikia ikiongea, akanogewa. Mikono yake sijaona mfano wake. Mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye ufundi, lakini nilipomwona anavyovua plastiki ya waya bila kukata hata uzi mmoja wa shaba, nilitafuta kasoro nikakosa, nikaudhika. Alikuwa amefikisha konekta kumi na saba. Kibanio cha chama kilikuwa kimoja tu, na nilimwazima mimi mwenyewe amalizie zile tatu.

Ndipo ikaja Jumamosi ile. Karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa kabati ilisema kebo za akiba sita, na mimi nilikuwa nimetengeneza tano. Kesho yake Mfamasia angezikagua. Kibanio kilikuwa kwa Bi Sindano, mwendo wa dakika kumi, lakini wingu lilikuwa limetanda na redio ndogo ya karakana ilikuwa inatangaza mpira, kipindi cha pili, bao moja kwa moja. Nikatazama mlango, nikatazama meza. Plaizi ilikuwa pale.

Usinisaidie kwa kusema sikujua. Ndoo niliitundika mimi. Nilibana mara mbili kwa nguvu, nikavuta waya kwa vidole viwili, kidogo tu, nisije nikaupata ukweli. Nikaweka doa la zambarau, nikalipulizia likakauka. Nikajiambia Jumatatu nitairudia. Jumatatu ikaja na mafriji mawili ya bucha, na Jumanne nikasahau kwa makusudi.

Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Mnara wa simu ukaanguka na simu zote zikawa vioo vya kujitazamia. Zahanati ya mlimani ikabaki peke yake, ikaja barua kwa mkono kutuomba mtu wa redio aende kukaa nao. Mwalimu akanyoosha mkono kabla barua haijaisha kusomwa.

"Mimi mstaafu," akasema. "Nikikosekana hakuna darasa litakalolia."

Alifungua kabati kwa haraka, gari la watengeneza barabara lilikuwa linamngoja nje linapiga honi. Alichukua redio, akachukua betri, akachukua kebo ya kwanza iliyomjia mkononi. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuweza kumwambia chukua nyingine. Sikuangalia amechukua ipi. Niseme ukweli wote: nilijizuia kuangalia.

Mimi nilikaa kwenye redio ya huku chini. Asubuhi Mwalimu alipatikana vizuri, akatusomea orodha ya dawa zilizokwisha, akamtania Mfamasia. Sasa najua kilichokuwa kinatokea kwenye ile konekta. Kila alipoongea shaba ilipata moto, kila ilipopata moto ililegea. Saa nane mchana akasema, "Nina mama amejifungua, anatokwa na damu, nahitaji gari—" na sauti ikakatika.

Nilimwita. Niliita mpaka sauti ikakwaruza. "Mwalimu, unanipata? Mwalimu, rudia." Mfamasia alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika kiti changu, na gari tusingeweza kulituma bila kujua barabara ipi ilikuwa inapitika, maana daraja la upande mmoja lilikuwa limesombwa na maji na yeye ndiye aliyekuwa akijua lipi. Saa nzima.

Alinisikia saa nzima. Alitueleza baadaye. Kila alipobonyeza kitufe, redio ilizimika. Akiachia, inawaka, na ananisikia namwita. Alikagua betri. Alikagua antena. Alifungua fyuzi akaifuta kwa shati. Daftari alikuwa nalo. Konekta hakuigusa.

Alipoona hapati kitu, Mwalimu wetu wa miaka sitini na minane alivaa koti la mvua akateremka kwa miguu hadi kambi ya watengeneza barabara, kilomita nne za tope. Kwenye kalvati ya mwisho aliteleza akavunjika nyonga. Sehemu iliyobaki alijivuta kwa viwiko. Ujumbe ulifika, gari likaenda, yule mama na mtoto wake wapo, wazima. Mwalimu alilazwa hospitali moja na yule mama, wadi tofauti, na daktari akamwambia mke wake kwamba mlimani hatapanda tena.

Kesho yake nilipanda mimi zahanati kuchukua vifaa. Muuguzi alinifungulia chumba akaenda kuwaona wagonjwa wake. Redio ilikuwa juu ya meza, kebo bado imechomekwa. Niliigusa konekta tu, waya wa upande mwekundu ukatoka wenyewe. Plastiki ilikuwa imeyeyuka pembeni. Na pembeni ya pale palipoyeyuka, zambarau.

Sikufikiri sana, hilo ndilo linaloniogopesha. Nililikwangua doa kwa ukucha wa kidole gumba. Lilibanduka kirahisi kama ganda la kidonda kilichopona. Nikapuliza vumbi lake, nikaifuta konekta kwa kitambaa changu, na muuguzi alipochungulia kuuliza kama nahitaji msaada nilimjibu vizuri tu kwamba hapana.

Nilijiambia nilichofanya ni kufuta jina langu. Kwa sheria zetu, tena sheria zangu mwenyewe, konekta isiyo na doa ni ya mwanafunzi. Na mwanafunzi alikuwa mmoja.

Jumapili kebo ilikuwa katikati ya meza ya Mfamasia. Watu walipokezana kuitazama, kisha macho yote yakageukia upande mmoja. Bi Sindano aliichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Haina doa," akasema. "Basi ni yangu. Mwalimu kwa haraka atakuwa amechukua ya rafu ya chini." Kisha akakunja uso. "Lakini alama hizi za meno... mimi nilitumia kibanio. Kaka, kibanio kinaacha alama kama hizi?"

Wote wakanitazama mimi. Mimi ndiye bingwa.

"Kikiachiwa kabla ya kufika mwisho," nikasema, "kinaacha hizo hizo."

Ni uongo. Mtu yeyote mwenye kibanio anaweza kuupima kwa dakika moja. Lakini nani angepima neno langu?

"Basi siku ile mkono ulikuwa umechoka," Bi Sindano akasema, na machozi yakamtoka palepale, bila kelele. "Nimemvunja Mwalimu."

Nami nikafanya jambo ambalo kila nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke. Nilimsamehe. Mbele ya watu, kwa macho makavu, nilimwekea mkono begani nikamwambia, "Dada, makosa ni ya binadamu. Hatukulaumu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Chama hakikumfukuza. Kilimwomba apumzike kutengeneza kebo mpaka mwaka uishe, na yeye mwenyewe akasema hataufanya tena mtihani. Kama mambo yangeishia hapo labda ningezoea, mtu huzoea uchafu wake. Hayakuishia hapo, kwa sababu nyumbani kwangu yuko dada wa Mwalimu.

Mke wangu si mtu mbaya. Alikuwa na kaka mmoja tu, na kaka huyo amelala kitandani anaomba kugeuzwa. Alimwendea Bi Sindano kibandani akachukua vitambaa alivyokuwa amempa ashone, akatoka navyo amevikumbatia mtaa mzima ukiona. Kisha alipita kwa shoga zake mmoja mmoja. "Yule mkono wake si wa kuaminiwa," aliwaambia. "Kaka yangu ndiye ushahidi." Alikuwa akinisimulia jioni huku akimenya viazi, na mimi naitikia, ehe, ehe. Wateja wakaanza kukumbuka kwamba wana mafundi wengine. Binti mmoja aliyekuwa ameshapimwa gauni la harusi alihamishiwa kwingine na mama yake. Nikipita pale kibandani nilikuwa nikiuona ule mlango uko wazi, cherehani imefunikwa.

Na asubuhi Bi Sindano alikuwa kwa Mwalimu. Kila asubuhi. Alifua mashuka, akachemsha maji, akamsaidia mke wa Mwalimu kumgeuza. Alifika wa kwanza akaondoka kabla ya wageni. Mimi nilikuwa nikipita kumjulia hali shemeji yangu nikiwa njiani kwenda kazini, tukipishana mlangoni, ananisalimu na kuniita kaka.

Nilianza kugombana na friji. Nilimwambia mke wangu kile kichupa cha zambarau akitupe, rangi hiyo haimpendezi. Akanitazama kutoka kwenye kioo. "Miaka kumi na tisa," akasema, "leo ndiyo umeiona?" Usingizi nilikuwa naupata vizuri, nakiri hilo pia, ni kuamka ndiko kulikokuwa kugumu. Nilipanga kusema kila Jumapili, na kila Jumapili palikuwa na sababu ya kungoja: Mwalimu kwanza atoke kitandani, mke wangu kwanza apoe, mvua kwanza ziishe. Fundi akitaka kuahirisha kazi hakosi sababu. Wateja wangu wanajua.

Wiki ya saba, Jumanne baada ya chakula cha mchana, Bi Sindano aliingia karakana. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya friji la duka la mikate. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lisilo na nembo, akaliweka juu ya meza yangu, likasikika zito.

"Shikamoo kaka. Samahani kukukatisha."

"Marahaba. Hakuna shida, dada."

Akamimina. Konekta. Zilitoka nyingi, zikatawanyika kati ya bisibisi zangu, kila moja na kipande chake cha waya.

"Ziko arobaini na tatu," akasema. "Kibanio bado kiko kwangu, mniwie radhi, sijakirudisha. Nimejaribu kukosea, kaka. Nimeachia kabla ya mwisho, kama ulivyosema. Nimeachia mapema, nimeachia katikati, nimebana na mkono wa kushoto, nimebana nikiwa sijala. Hakiachi alama zile. Wala hakikubali kufunguka ukikiachia njiani, inabidi ukilazimishe." Akachukua moja, akanionyesha, akarudisha. "Siji kubisha. Kosa ni langu, nimekubali. Ila kama sijui nimekosea wapi nitarudia, hata kwenye kushona. Sasa hivi nikikata kitambaa nakata nikitetemeka. Nifundishe nilivyokosea."

Hakuwa na hila. Ningeona hila ningekasirika, na hasira ingenisaidia. Alikuwa amesimama pale na mikono mbele kama mwanafunzi aliyefikishwa ubaoni, ananingoja mimi nimwonyeshe kosa lake.

Nilifungua droo nikatoa plaizi. Nikachukua kipande cha shaba, nikaingiza waya, nikabana mara mbili. Nikampa.

Aliitazama kwa karibu, kama anavyotazama mshono. Alama mbili za meno, pana, moja imepinda. Akaivuta kwa vidole viwili na waya ukatoka.

"Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii hasa." Uso wake ulikuwa umefurahi, kweli kabisa, kama mtu aliyeona kitu alichokipoteza. Halafu furaha ikaanza kuondoka. "Lakini mimi sina plaizi, kaka."

"Najua."

"Sijawahi kuwa nayo."

"Najua, dada. Ilikuwa na doa. La zambarau. Nililikwangua kule zahanati."

Friji la mikate liliwaka lenyewe nyuma yetu, likaanza kunguruma. Bi Sindano alivuta kigoda akakaa, akaanza kurudisha zile konekta kwenye kopo, moja moja, na mimi sikuthubutu kumsaidia.

"Ulinisamehe," akasema bila kuniangalia.

"Ndiyo."

"Nikakushika mkono."

"Ndiyo."

Alipomaliza alifunika kopo. "Mkeo yuko kwa Mwalimu saa hizi. Nimepita pale nikamwona akiandaa wembe kumnyoa ndevu. Twende."

Nilimfuata mtaani hatua tatu nyuma, na mikono yangu ina grisi. Kwa Mwalimu tuliwakuta wote watatu: yeye ameegemezwa mito na povu kidevuni, mke wake anakunja nguo, mke wangu ameshika wembe. Mke wangu alipomwona Bi Sindano alisonya. Nikasema kabla hajamaliza kusonya. Nilisema yote, mpira, plaizi, rangi, ukucha, jumba bovu nililomwangushia mtu asiye na kosa. Sikukaa, na hakuna aliyeniambia kaa.

Mwalimu alifuta povu kwa kiganja.

"Huyu dada anakuja hapa wiki saba," akasema polepole. "Mlikuwa mkipishana pale mlangoni?"

"Tulikuwa tukipishana, shemeji."

"Mkisalimiana?"

"Ndiyo."

"Alikuwa akiitika?"

"Alikuwa akiniwahi yeye."

Mwalimu akageuza uso ukutani. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru sana kwa tusi moja. Mke wake alichukua shuka mikononi mwa Bi Sindano, aliyekuwa ameshaanza kulikunja kwa mazoea, akalikunja mwenyewe, akashindwa, akaficha uso ndani ya shuka hilo akalia.

Mke wangu aliweka wembe kwenye bakuli. Hakunitazama. Alianza kuhesabu kwenye vidole, midomo ikicheza, na mimi sikuelewa anahesabu nini mpaka alipofika tisa.

"Nyumba tisa," akamwambia Bi Sindano. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilipita kwa miguu yangu na kusema kwa mdomo wangu. Dada, sijui nikuombe nini. Twende nikayafute." Kisha kwangu: "Wewe unakuja. Utasema wewe. Mimi nitabisha hodi tu."

Jua lilikuwa bado juu. Tulipita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mke wangu anabisha, mwenye nyumba anatoka anafuta mikono, anafurahi kutuona, na mimi naanza. Nilidhani mara ya kwanza ndiyo ingekuwa ngumu. Ya kwanza una presha, maneno yanatoka yenyewe. Ya tano unajisikia unavyoongea. Kuna mahali nilijishika nimepunguza, nimesema "nilikuwa na haraka," na mke wangu akasema, "Mpira," nikarudi nyuma nikasema mpira. Bi Sindano alisimama pembeni kila mlango, na kopo lake kwapani.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya mama wa yule binti wa gauni la harusi. Alifungua mlango wote, akatuona tulivyo watatu, na nadhani habari ilikuwa imeshamfikia kwa kupitia uani, maana aliinua mikono kabla sijafungua mdomo.

"Jamani, jamani, hayo yameshapita," akasema kwa uchangamfu. "Sisi hapa tulishasahau zamani. Karibuni ndani mkae, msijitese bure."

Nilimshukuru moyoni. Nilikuwa nimechoka, na hapa palikuwa na mtu mwema ananifungulia njia. Nikainua mguu kuvuka kizingiti.

"Mimi sijasahau," Bi Sindano akasema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu tutoke kwa Mwalimu. "Mwache aseme."

Nikarudisha mguu nje. Mama wa binti akashusha mikono, akanitazama. Nikaanza mwanzo.